Si Kila Vayoleti ni Vayoleti

Mwezi Mei mwaka jana niliumbuka maabara. Nilikuwa na kichungu cha ile "vayoleti ya Afrika" inayouzwa madukani, nikamtambia mwenzangu Mkanada: "Hizi zenu za kwenye nyasi ni watoto tu, mama yao yuko kwetu Tanga!" Akacheka, akanitoa nje.

Jamani, kumbe nilikuwa natazama bila kuona. Ile ya zambarau iliyojaa kwenye nyasi za kampasi yetu ya Keele ni Viola sororia: majani umbo la moyo, kila ua na kikonyo chake kutoka ardhini. Nduguye, Viola cucullata, hupenda majimaji na maua yake husimama juu ya majani. Bado unababaika? Chungulia petali za pembeni. Vinyweleo vya sororia ni virefu, vyembamba. Vya cucullata ni vifupi, vina vichwa kama njiti za kiberiti. Na kwa vile ndugu hawa huzaa machotara, hata wataalamu hukuna vichwa.

Na ile yangu? Wala si vayoleti, ni ukoo mwingine kabisa! Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliipeleka kwao kutoka Usambara, na mwaka 1893 ikaitwa Saintpaulia. Tangu 2015 wataalamu wameihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus. Vayoleti zetu za kweli, kama Viola abyssinica na Viola eminii, ziko milimani, na sijasikia hata mmoja wetu akizitaja.

Mtasema, injinia na maua wapi na wapi? Sikilizeni. Saintpaulia za porini ziliwahi kuhesabiwa spishi kama 20. Mwaka 2006 nyingi ziliunganishwa kuwa spishi moja, ionantha. Huenda ni sawa kitaalamu. Lakini baadhi huota kwenye kipande kidogo tu cha msitu, kwenye miamba yenye kivuli. Kata miti pale, kwisha habari yake. Na kama kwenye karatasi ni "ileile iliyoko kwingine", nani atajua kuna kilichopotea?

Sisi tunanuna tukiitwa "Waafrika" kwa mkupuo, Mganda na Mzanzibari kapu moja. Basi tuanze na vya kwetu. Wewe unayekwenda likizo Lushoto au Amani, usichume. Piga picha ya ua, jani na vinyweleo vyake, andika na mahali ulipoliona. Kinachojulikana kwa jina lake, kikitoweka kitaulizwa.