Wazazi wa mjini, chunguzeni shule kabla ya kuuza shamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua wazazi wengi wa mjini kila mwaka unapokaribia kwisha, yaani kumtafutia mtoto shule ya msingi. Mimi ni mwalimu wa kijijini, na pengine msomaji atauliza shule za mjini zinanihusu nini. Zinanihusu, kwa sababu ada za mjini siku hizi zinalipwa kwa mashamba ya vijijini.

Mdogo wangu anaishi Dar es Salaam, upande wa Temeke, na kazi yake ni useremala. Mtoto wake wa kwanza alimwandikisha katika shule moja ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Ada ya mwaka wa kwanza aliilipa kwa akiba yake, ya mwaka wa pili kwa mkopo. Mwaka wa tatu kazi zilipungua. Mtoto akarudishwa nyumbani mara tatu katika muhula mmoja, kisha akakaa nyumbani moja kwa moja mpaka alipohamishiwa shule ya Serikali. Alipokuja kijijini wakati wa likizo nilimpa kitabu asome. Maneno ya Kiingereza aliyatamka vizuri bila kujua maana yake, na Kiswahili alikisoma kwa kubabaisha. Mtoto yule si mjinga. Alikuwa amefundishwa kukariri tu.

Mwaka jana ikawa zamu ya binti yake wa pili. Mdogo wangu akanipigia simu: "Kaka, safari hii nimepata shule nzuri zaidi. Naomba tuuze shamba la marehemu baba." Shamba lenyewe ni ekari mbili, na mama yetu bado analima humo. Nilimjibu kwamba kabla ya kuzungumza habari za shamba, twende kwanza tukazione shule. Mwezi Novemba nikaomba ruhusa ya siku tatu kwa Mwalimu Mkuu wangu, nikaenda.

Shule ya binafsi tuliyoiendea ina lango lililopakwa rangi, mabasi mawili na watoto wenye kuvaa tai. Tulionyeshwa chumba cha kompyuta. Tulipoomba kukaa nyuma ya darasa la kwanza kwa kipindi kimoja tu, tuliambiwa wazazi hawaruhusiwi. Tulipouliza ni walimu wangapi wameacha kazi tangu Januari, hatukupata jibu. Jioni tulikaa na karatasi tukajumlisha ada, basi, chakula, sare, vitabu, mitihani ya majaribio na masomo ya ziada. Jumla ilikaribia mara mbili ya ada iliyoandikwa kwenye tangazo. Na hiyo ni ya mwaka mmoja, wakati shamba huuzwa mara moja tu.

Shule ya Serikali iliyo karibu na nyumba yake tuliikuta na watoto 118 katika darasa la kwanza, hali kiwango kilichowekwa ni watoto 45. Wengine walikaa chini. Lakini mwalimu wa darasa hilo alitukaribisha tukae nyuma, na kwa kweli nilijifunza kwake. Alifundisha hesabu kwa vizibo vya soda, na kusoma kwa kadi alizozikata mwenyewe kutoka maboksi. Watoto wa mistari ya mbele walikuwa wanasoma. Wa nyuma hawakuwa wakimsikia.

Ndugu Mhariri, sisemi kwamba mzazi anayekimbilia shule za Kiingereza ana kasumba tu. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za Serikali zinafundisha kwa Kiswahili, isipokuwa chache kama vile Olympio na Diamond za Upanga. Lakini mtoto akiingia kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Mzazi ameliona shimo hilo na anatafuta ngazi. Tena, michango ya lazima ilipofutwa mwaka 2016 watoto waliingia shuleni kwa wingi sana. Hilo ni jambo jema, lakini madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haifiki mbali.

Kosa ninaloliona mimi ni kununua Kiingereza kabla ya kununua kusoma. Kwa uzoefu wangu wa kufundisha darasa la kwanza, mtoto anayejua kusoma lugha anayoizungumza nyumbani huivuka lugha ya pili kwa haraka akipata mwalimu anayeijua. Yule anayeanza na lugha asiyoielewa, kwa mwalimu ambaye naye anaibabia, hukosa zote mbili. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 unafundisha Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza. Wazazi waulize kama somo hilo linafundishwa kweli na nani analifundisha.

Kwa hiyo nawashauri wazazi wenzangu wafanye yafuatayo kabla ya kulipa senti moja. Kwanza, waulize kama shule imesajiliwa na waione hati. Pili, waombe kukaa darasani kipindi kimoja. Shule inayokataa waiogope. Tatu, waombe kuona daftari la mtoto wa darasa la pili, waangalie kama limesahihishwa au limewekewa alama ya vema tu. Nne, wajumlishe gharama za miaka yote ya elimu ya msingi, si za muhula mmoja. Tano, waulize walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi na waliofika darasa la saba ni wangapi, na hao wengine wako wapi. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini mabango ya wastani wa ufaulu bado yapo barabarani, na wastani unaweza kupanda kwa kuwaondoa wanyonge. Mwisho, wasiwapeleke watoto wadogo bweni kwa kudhani ndiyo malezi. Serikali yenyewe ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano mwaka 2023.

Sasa niseme na sisi walimu na viongozi wetu. Wapo walimu wenzangu wa shule za Serikali ambao watoto wao wanasoma shule za binafsi. Wapo madiwani na maofisa vilevile. Sheria hawajavunja. Lakini kila mzazi mwenye sauti anapoondoka, kamati ya shule inabaki na wale wasioweza kumwuliza Mwalimu Mkuu habari za ruzuku wala kumfuata Diwani juu ya darasa lisiloezekwa. Shule inazidi kudhoofika, na mwaka unaofuata mwenye sauti mwingine anaondoka kwa sababu imedhoofika. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia kuondoa elimu ya kuwatenga wachache na wenzao. Tukiendelea hivi tutakuwa tumeirudisha wenyewe, tena kwa fedha zetu.

Mdogo wangu alifikiri sana, na mkewe alimpinga kwa sababu za haki. Alisema, "Shemeji, wewe ni mwalimu, mwanao atafundishwa na baba yake jioni. Wangu atafundishwa na nani?" Sikuwa na jibu la haraka. Mwishowe binti aliandikishwa shule ya Serikali, na shamba halikuuzwa. Katika mkutano wa wazazi mdogo wangu alisimama akasema yeye ni fundi. Wenzake wakinunua mbao yeye atatoa kazi yake bure. Walikubali kwa hiari, na mpaka sasa yamepatikana madawati 14. Binti anakaa mstari wa mbele, na shemeji anaifuata daftari lake kila Ijumaa.

Hata hivyo, madawati hayapunguzi watoto darasani. Wazazi wametoa mbao na fundi ametoa jasho lake. Madarasa mawili na mwalimu mmoja zaidi ni kazi ya Halmashauri, na wazazi wale wanasubiri. Wasisubiri mpaka nao waanze kuulizana bei za mashamba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa, Morogoro.