Safari ya Kambi Inaanzia Kabatini

Likizo ikikaribia, wateja wangu huniuliza wabebe nini wakienda kulala kambini na familia kule Saadani. Wengi wameshanunua sahani za kutupa, vikombe vya kutupa na katoni za maji. Hapo ndipo tunapokosea. Safari isiyoharibu mazingira haianzii dukani, inaanzia kabatini.

Beba kikapu cha ukindu, mkeka, hotipoti, sahani zako za nyumbani, dumu la maji na doti mbili za kanga. Kanga ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo na ni ya kujifunika wakati wa swala. Vipande vinavyobaki kwenye cherehani mimi nashonea nepi za mtoto.

Nepi nina sababu nazo. Mwaka mmoja nilifukia pampasi ufukweni Bagamoyo, nikidhani nimesitiri. Asubuhi mbwa wamezifukua, zimetapakaa mbele ya wavuvi. Niliona haya. Na kule Saadani, ufukwe wa Madete, kasa hupanda kutaga mayai kwenye mchanga.

Mifuko ya plastiki serikali iliipiga marufuku tangu 1 Juni 2019. Pampasi na chupa zimebaki kwenye dhamana yetu. Tumefundishwa kuwa kuondoa udhia njiani ni sadaka. Je, sisi tunaouweka?

Nawe bi harusi unayepanga fungate ufukweni, tia gunia moja tupu kwenye mizigo. Lirudi nyumbani na taka zenu zote.