HATI ZA UMMA ZI WAPI?

Mkulima wa Chinongwe akitaka kujua kwa nini Waingereza walifyeka misitu ya Nachingwea wapate kupanda karanga, jibu lipo, ingawa kwa Kiingereza. Waraka wa Serikali ya London wa mwaka 1947 ulipigwa chapa, ukatiwa maktabani, na hata leo wasomeka. Mpango wenyewe ulikufa 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36, na reli ya kutoka Mtwara imekwisha ng'olewa. Karatasi imebaki.

Basi na tuulize: mjukuu wake atasoma wapi khabari za madini ya kinywe yachimbwayo Ruangwa? Leseni, kanuni, ripoti za mazingira na hotuba za bajeti siku hizi huzaliwa ndani ya kompyuta, zikatundikwa kwenye tovuti ya wizara, na pengine zisipigwe chapa kabisa. Oktoba 2017 Wizara ya Nishati na Madini ilikatwa ikawa wizara mbili. Nyumba ikihamwa vyombo huhesabiwa. Huku, nani aliyehesabu? Tovuti ikibadilishwa jina ukurasa hufunguka mtupu, wala hapana karani wa kulaumiwa.

Hatusemi kwamba sheria hakuna. Ipo ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002. Ipo ya Kupata Taarifa ya 2016, impayo mwananchi wa Bara haki ya kujibiwa katika siku 30. Ipo na ya Serikali Mtandao ya 2019. Lakini mwombaji hapana budi ajue kwanza kwamba hati ipo, na ofisi gani inayo. Msomaji wa maktaba hamwombi mtu wala haelezi sababu. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya 1975 iliwataka wachapishaji wapeleke nakala za vitabu vyao, nayo iliandikwa kitabu kikiwa ni karatasi. Marekani, tangu 1813, Bunge lake liliamuru nakala za kumbukumbu za vikao zipelekwe vyuoni na kwenye maktaba za majimbo, mbali na mikono ya walioziandika.

Twataka kila hati itolewayo kwa umma nakala yake ifike siku ileile Maktaba Kuu ya Taifa, Nyaraka za Taifa na maktaba za mikoa, ihifadhiwe pasi na kuitegemea tovuti ya wizara. Na wilayani, ambako wengi hawana fedha ya kununulia kifurushi, iwekwe japo kompyuta moja yenye hati hizo ndani yake, na mkutubi wa kuzionyesha. Bajeti ijayo iseme nani atakayelipia, kabla wizara nyingine haijakatwa.