Bambu: Kabla ya kununua ampli ya bei rahisi, muulize aliyeitumia mwaka mzima

Bambu, wilaya ya Djugu. Mtu akinunua ampli mpya, mtaa mzima unajua kabla jua halijatua. Hana haja ya kumwambia jirani, ampli yenyewe inapiga hodi kwenye kila mlango. Watoto wanakusanyika, vijana wanaotoka machimboni wanasimama, na mwenye nyumba anaongeza sauti kidogo ili waone kwamba bado haijafika mwisho. Siku hiyo hakuna anayeuliza maswali. Maswali yanakuja baadaye, siku betri inapozimika katikati ya habari.

Ampli inayozungumzwa hapa ni ile ya watu wa kawaida: sanduku moja lenye radio ya FM, tundu la flash, nafasi ya kadi ya memori na waya za kuunganisha bafle mbili au zaidi. Ikiunganishwa na televisheni, inageuka sinema ya nyumbani. Nyingi zimetengenezwa China, zinapitia Kampala na Mahagi, zinateremka barabara ya taifa namba 27 hadi Bunia, kisha zinapanda Bambu mgongoni mwa pikipiki. Zikifika zimeshatikiswa sana, na bei imeongezeka kila zilipopita.

Kwa mfanyakazi mwenye mshahara, kukosea kununua ampli ni hasara ndogo. Kwa familia iliyokimbia vita ikaacha nyumba, shamba na mbuzi, fedha hiyo ni chumvi, sabuni na pesa ya shule. Tena kwa familia hiyo ampli si mapambo. Ndiyo sikio lake: ndimo inaposikia barabara gani imefungwa, chakula kitagawiwa siku gani, chanjo ya watoto iko wapi, na kama kijiji ilichokiacha kimetulia kweli. Radio ikinyamaza, uvumi unachukua nafasi yake, na Ituri inajua vizuri uvumi umefanya nini.

Maoni ya wenye ampli yanagawanyika mara mbili, na mpaka kati yao si kabila wala umri. Ni muda. Mwenye ampli ya mwezi mmoja anasifu sauti. Anasema inatikisa mabati, inasikika mpaka ng'ambo ya bonde, na jirani mwenye ya bei kubwa sasa ananyamaza. Mwenye ampli ya mwaka mzima hataji tena mabati. Anazungumza juu ya betri, antena, rimoti na fundi. Anayetaka kununua amsikilize huyu wa pili, kwa sababu wa kwanza bado yuko kwenye sherehe.

Lalamiko la kwanza ni nguvu iliyoandikwa kwenye katoni. Kuna katoni zinazotangaza wati 1000, nyingine 3000. Namba hizo ni za kuuzia, ampli ndogo haiwezi kuzitoa. Ukweli uko kwenye kichwa cha waya wa umeme, pale palipoandikwa volti na ampea. Mnunuzi azidishe hizo mbili. Kama imeandikwa volti 12 na ampea 2, jibu ni wati 24, na hakuna ampli inayotoa sauti yenye nguvu kuliko umeme inaoula. Wati 24 si mbaya, zinatosha nyumba na uwanja wake. Ubaya ni kulipia 3000.

Lalamiko la pili ni umeme, na Bambu ina hadithi yake. Kituo cha Budana, kwenye mto Shari, kilijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya mashine za machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto. Maji bado yanateremka, lakini nyumba nyingi zinaishi kwa pano ndogo ya jua na betri. Kwa hiyo ampli inayokubali umeme wa volti 220 peke yake ni mzigo. Mwenye nayo anatafuta mashine ya kugeuza umeme wa betri, na mashine hiyo nayo inakula sehemu yake hata kabla radio haijasema neno. Wengine wanategemea jenereta ya jirani, umeme unaruka, na ampli inatoa moshi. Walioitumia muda mrefu wanasema neno moja: tafuta yenye mlango wa volti 12, iunganishe moja kwa moja na betri.

Hesabu ya betri inaeleweka bila kusoma ufundi. Betri ndogo ya volti 12 na ampea 7 kwa saa inabeba kama wati 84 kwa saa. Betri za namna hii hazipendi kumalizwa, mtu mwenye busara anatumia nusu. Ampli inayokula wati 10 itaimba kama saa nne, kisha giza. Radio ndogo ya mkononi inayokula wati moja ingezungumza saa 40 kwa betri ileile. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi ampli inafunguliwa Jumapili, na karadio kadogo ndiko kanakofanya kazi kila siku. Familia yenye fedha ya kitu kimoja tu ianze na kile cha kila siku.

Lalamiko la tatu linauma kuliko yote: ampli inaimba vizuri kwa flash, lakini ikiwekwa kwenye radio inakwaruza. Bambu iko katikati ya milima, na mawimbi ya FM hayapandi mlima na kuteremka upande wa pili kama mtu wa miguu. Yanakwenda moja kwa moja, yakikuta kilima yanadhoofika. Radio ya Bunia inayosikika wazi kwenye mgongo wa kilima inaweza kupotea bondeni, hatua chache tu kutoka hapo. Lakini si kila kosa ni la mlima. Ampli nyingi za bei rahisi zina kawaya kafupi nyuma, kamekunjwa, na wengi wanakaacha hivyo hivyo. Waya wa sentimita 75, ulionyooshwa na kuinuliwa juu kando ya dirisha, unafaa mawimbi ya FM kuliko ule uliokunjwa. Kisha mwenye nyumba azime kwanza taa na chaja zilizo karibu: nyingi za bei rahisi zinatoa mngurumo unaoingia ndani ya radio. Watu wamerudisha ampli dukani, kumbe mkosaji alikuwa chaja ya simu.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Karibu ampli zote hizi zina FM tu. Hazina mawimbi mafupi, yale yanayotoka mbali na kuvuka milima. Mzee aliyezoea kusikiliza idhaa za nje usiku atazungusha mpaka achoke. Mwenye kutaka Radio Candip au Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002 na inayosema Kiswahili pamoja na Lingala, Kifaransa, Kikongo na Tshiluba, anahitaji kwanza kujua kama FM yake inafika pale anapolala. Kama haifiki, ampli ya bei yoyote haitaileta.

Mafundi nao wana maoni yao, na yafaa yasikilizwe kwa sababu wao ndio wanaopokea maiti za ampli. Nyingi zinakufa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kugeuza waya wa betri, mwekundu mahali pa mweusi. Fyuzi ndogo kwenye waya, ambayo bei yake haifikii hata sabuni, ingeweza kuokoa baadhi ya hizo. Ya pili ni tamaa ya bafle: ampli imeandikwa omu 4, mwenyewe anaunganisha bafle mbili za omu 4 kwenye tundu moja, zinakuwa omu 2, na ampli inaungua ikijaribu kuzilisha zote. Kuna pia rimoti. Ampli nyingine haziwezi kutafuta stesheni bila rimoti. Mtoto akiipoteza, radio imepotea, inabaki flash.

Wenye ampli wana utetezi wao, na ni wa haki. Watu waliopoteza kila kitu wanastahili muziki. Mama aliyelala chini ya hema mvua nzima akisikia wimbo wa kanisa lake, anajua kwamba bado ni mtu wa mahali fulani. Kijana mwenye ampli anachaji simu za watu, anaonyesha mpira, analisha wadogo zake. Kusema kwamba mkimbizi anunue tu kitu cha habari ni kumfanya mkimbizi kuwa tumbo na hofu peke yake. Hakuna mwenye haki ya kumwambia hivyo.

Lakini haki ya muziki haiondoi deni la sauti. Katika kambi, ukuta kati ya familia mbili ni turubai. Ampli ya mmoja ni ampli ya wote, watake wasitake: ya mgonjwa, ya mtoto anayejifunza kusoma, ya mama aliyejifungua jana. Tena iko hatari ambayo kila mkaaji wa Djugu anaijua. Usiku masikio ndiyo walinzi. Mbwa akibweka, watu wakikimbia upande wa pili, mlio ukisikika mlimani, dakika chache ndizo zinazotenganisha aliyeamka mapema na aliyechelewa. Ampli inayotikisa mabati saa nne ya usiku inawaziba masikio majirani wote. Mwenye nayo anaweza kuona ni furaha yake. Kwa kweli amezima walinzi wa mtaa mzima.

Kwa hiyo yafaa wenye ampli wakubaliane na majirani wao, bila kungoja amri ya mkubwa yeyote. Mchana, saa ya habari za Kiswahili, sauti ipande, ili hata familia isiyo na radio isikie ikiwa imekaa kwenye mkeka wake. Jioni muziki, kwa kiasi. Giza likishika, kimya. Ampli ya namna hii inaleta heshima. Watu wataichangia pesa ya betri, na siku ikiharibika watamtafutia mwenyewe fundi. Ile nyingine, ikiungua, mtaa unashukuru Mungu kimyakimya.

Mnunuzi afikirie pia siku ambayo hakuna anayependa kuitaja. Wengi waliotoka vijijini waliondoka na kile kilichoweza kukaa kichwani au mgongoni. Masanduku yenye bafle tano yalibaki, na waliorudi hawakuyakuta. Katika nyumba ya chumba kimoja bafle mbili zinatosha. Ampli ndogo inayobebeka kwa mkono mmoja, inayokula volti 12, ambayo fundi wa karibu anaweza kuifungua na kupata kipande cha kubadilisha, ina thamani kuliko ile kubwa iliyojaa taa za rangi.

Linabaki jaribio la mwisho, nalo halina gharama. Dukani, muuzaji atachomeka flash yake, ataweka wimbo anaoujua na kupandisha besi. Flash hiyo imechaguliwa, kila ampli inaimba vizuri mbele yake. Mnunuzi amwombe aitoe. Aje na betri yake mwenyewe kama anaweza, afike saa ya habari, aombe radio, sauti ikiwa chini. Kisha asikilize mtangazaji anasema nini: jina la kijiji, siku, saa. Kama maneno yote matatu yamesikika bila kukisia, alipe. Kama hayakusikika, arudishe fedha mfukoni na aende duka la pili.