Breki Haifi kwa Siku Moja



Jumamosi ya juma la kwanza la Kwaresima, tarehe 24 Februari 2024, lori liliyagonga magari mengine matatu huko Ngaramtoni, katika barabara kuu ya Arusha hadi Namanga. Watu 25 walipoteza maisha, baadhi yao wakiwa wageni kutoka nchi za mbali. Polisi walieleza kwamba breki za lori hilo zilishindwa kufanya kazi. Kuihukumu ajali ile si kazi yetu. Ni kazi ya vyombo vya sheria. Wajibu wetu ni kuwaombea marehemu, na kujiuliza swali moja: je, breki za lori hushindwa pasipo mtu yeyote kujua?

Unapotokea msiba wa namna hii, kauli mbili husikika makaburini. Ya kwanza husema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Ya pili, kwamba dereva alikuwa mzembe. Kauli ya kwanza yamsingizia Mungu. Ya pili yaweza kuwa kweli, lakini mara nyingi humtwika mtu mmoja mzigo wa wengi. Dereva hupangiwa safari na mwingine, hupakiziwa shehena na mwingine, na hukabidhiwa gari ambalo fedha za matengenezo yake zi mikononi mwa mwingine.

Hatari hiyo huzidi wakati wa kiangazi chetu, tangu Desemba hadi masika yanapoanza. Breki hupunguza mwendo kwa kuugeuza kuwa joto. Lori lenye shehena linapoteremka miteremko ya Meru, dereva akikanyaga breki mfululizo badala ya kuingiza gia nzito mapema, breki hupata moto hata zisishike tena. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi katika kila mzunguko, huchemka, na juu ya lami iliyounguzwa na jua la mchana hupasuka. Naye dereva aliyekesha njiani hulemewa na joto, akasinzia. Jua huufichua ubovu uliokuwapo tangu zamani.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina sheria ambayo wafugaji wetu wa Kimaasai na Kimeru wataielewa bila kuhitaji mhubiri. Ng'ombe akimwua mtu kwa pembe, mwenye ng'ombe hahesabiwi hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alizoea kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, damu iliyomwagika iko juu yake. Lori lenye breki mbovu ni ng'ombe wa namna hiyo. Dereva anaporudi safari na kusema kwamba breki zinalegea, mwenye gari ameonywa. Akimjibu apeleke mzigo kwanza, matengenezo yafanywe atakaporudi, amemfungulia ng'ombe mlango wa zizi.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 anapofanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na kwa kawaida saa 12 za kupumzika baina ya siku moja ya kazi na nyingine. Mwajiri anayelipa kwa idadi ya safari tu humshawishi dereva kuuza usingizi wake. Wengine hutafuna mirungi ili macho yasifumbe, nao huendelea kuendesha tani kwa tani za chuma katikati ya watu.

Kwa hiyo, tunawasihi wenye malori wakague breki na matairi kabla ya kila safari, wala wasimfukuze dereva anayekataa gari bovu. Tunawasihi madereva waseme ukweli, walale, na wasione aibu kuegesha gari. Tunawakumbusha askari na wakaguzi kwamba kitu kidogo kinachopokelewa barabarani huruhusu gari bovu kuwafuata watoto wanaotoka shule. Tunawaomba wafanyabiashara wasidai mzigo ufike usiku huu kwa gharama ya uhai wa mtu. Nasi viongozi wa parokia, tunapoagiza kokoto na saruji za kujengea makanisa, tusiulize bei tu. Tuulize pia hali ya gari na ya dereva anayetuletea.

Tunapoungama, tuungame pia dhambi ya kutotimiza wajibu. Huenda hatujamwua mtu. Lakini tuliambiwa kwamba breki zinalegea, tukanyamaza. Aliye na lori uani mwake, na akalipokea onyo hilo juma hili, asilitoe kesho asubuhi. Amwite fundi kwanza.