Kihamba kisihamishiwe kampuni kwa pupa

Siku hizi mjini Moshi si ajabu kukutana na mkulima wa Kibosho au Marangu mwenye cheti cha usajili wa kampuni. Mmoja anasindika ndizi, mwingine anakusanya maziwa, mwingine anauza kahawa iliyokaangwa. Hilo ni jambo la kupongezwa. Linalotia wasiwasi ni hatua inayofuata. Mkulima huambiwa kwamba ili kampuni yake iwe na nguvu mbele ya benki, aihamishie kihamba chake kwa hati. Naye husaini kama mtu anayetoa fedha mfuko wa koti na kuzitia mfuko wa suruali.

Sivyo ilivyo. Kwa mujibu wa sheria, kampuni ni mtu mwingine kabisa, hata kama hisa zote ni zako. Mwaka 1925, mwaka ule ule wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipoanzisha KNPA, chama kilichoitangulia KNCU, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya mwenye shamba mmoja wa Ireland ya Kaskazini aliyeitwa Macaura. Huyu aliiuzia kampuni yake mwenyewe magogo yaliyokuwa shambani, lakini bima akaiacha kwa jina lake. Magogo yakaungua. Hakulipwa hata senti, kwa sababu mali haikuwa yake tena bali ya kampuni. Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2002 imejengwa juu ya msingi huo huo.

Kwanza tuelewe kinachohamishwa. Chini ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 zilizoanza kutumika Mei 2001, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Unachohamisha ni haki ya kuitumia na kuimiliki. Kwa kiwanja chenye hati, kunahitajika mkataba wa maandishi, tathmini, malipo ya kodi, na hatimaye usajili kwa Msajili wa Hati. Bila usajili, uhamisho haujakamilika. Kwa kihamba kilicho kwenye ardhi ya kijiji, mlango wa kwanza kuubisha ni wa Halmashauri ya Kijiji.

Gharama nazo zipo. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu. Wanaodhani wataandika bei ya shilingi elfu moja kati ya baba na kampuni yake wajue kwamba mamlaka ya kodi huangalia thamani ya soko. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka nafuu kwa shamba lenye thamani isiyofikia shilingi milioni 10, ambalo limetumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia. Lakini nafuu hiyo ni ya mtu binafsi. Siku kampuni itakapotaka kuliuza shamba hilo hilo, haitaipata.

Tusiwe watu wa kupinga kila kitu. Kampuni ina faida ya kweli katika mkoa wetu. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza na kitinda mimba ndio waliotazamwa zaidi katika urithi, na kila kizazi kihamba kimezidi kumegwa. Ardhi ikiwa ya kampuni, kinachogawanywa ni hisa na shamba hubaki zima. Hata binti aliyeolewa Rombo au anayeishi Dar es Salaam anaweza kupewa hisa sawa na kaka zake.

Lakini angalia upande wa pili. Nyumba ya familia ikiwa kwa jina la mume, sheria inadai ridhaa ya mke kabla ya kuiweka rehani. Ikishakuwa mali ya kampuni, benki itaomba azimio la wakurugenzi. Mama aliyepalilia migomba miaka 30, ambaye si mwanahisa wala mkurugenzi, anaweza kupata habari siku dalali anapobandika tangazo. Tena hisa huuzwa. Zaidi ya nusu zikiingia mikononi mwa wageni, kampuni huhesabiwa kuwa si raia, na Sheria ya Ardhi hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Ushauri wetu ni huu. Kiwanja cha biashara mjini, au shamba la mahindi la tambarare, linaweza kuhamishiwa kampuni iwapo hesabu zinaonyesha faida. Kihamba chenye nyumba na makaburi ya wazee kibaki kwa familia. Kama kampuni inahitaji kahawa au nafasi ya kujenga kiwanda kidogo, ikodishiwe sehemu kwa mkataba wa maandishi wenye muda na kodi inayojulikana. Kampuni ikianguka, kitakachopotea ni ukodishaji tu.

Na kwa aliyekwisha kuamua kuhamisha, aite kwanza kikao cha familia. Mke awe mwanahisa na mkurugenzi. Katiba ya kampuni iseme wazi kwamba ardhi haiuzwi wala kuwekwa rehani bila kura ya wanahisa wote, na kwamba hisa haziuzwi nje kabla ya kupewa nafasi wanafamilia. Bima na leseni zibadilishwe jina siku ile ile, yasimkute ya Macaura.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kihamba ni hati yake. Kabla hujaisaini, mpe wakili wako aisome, kisha wasomee mkeo na watoto kwa sauti.