Nyumba za kale: yaliyozikuta za Nairobi yasizifike za Pwani

Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu. Asubuhi moja nikachukua kamera nikaenda Kileleshwa kutafuta nyumba za zamani kabla hazijamezwa na maghorofa. Nikapata moja nyuma ya ua wa mabati: kuta za mawe, paa la vigae limebonyea, milango na madirisha vimeshang'olewa. Nikamwamkia mzee aliyekuwa akilinda.

"Marahaba, mwanangu. Piga picha zako, lakini usiingie ndani, sakafu imeoza. Na ukirudi wiki ijayo hutaikuta."

Nilimuuliza nyumba ilikuwa ya nani. Hakujua. Majirani nao hawakujua.

Huenda ukadhani, ndugu msomaji, kwamba nyumba hufa hivyo kwa sababu mwenyewe hakuwa mtu mashuhuri. Sivyo. Mtazame Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyeshika cheo hicho mwaka 1966. Yeye na mkewe Sheila walikusanya vitabu, sanaa na vyombo vya Kiafrika kuliko pengine Mkenya yeyote wa wakati wao. Nyumba yao ya Muthaiga waliiuzia serikali wakitumaini itakuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikuzaliwa. Nyumba ikaachwa ikachakaa, ikavunjwa, na kiwanja kikagawanywa.

Sasa ukitaka kumtafuta Murumbi, nenda katikati ya jiji. Kando ya Nyayo House kuna jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambako watu waliandikisha ndoa, vizazi na vifo. Leo ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa, na ndani yake mna sehemu ya mkusanyo wake. Vitabu vyake zaidi ya 8,000, vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, viko katika Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue. Mwenyewe alifariki mwaka 1990 na kuzikwa City Park, Parklands, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965.

Kwa nini vitabu vikapona na nyumba isipone? Vitabu vilipata taasisi inayowajibika, wafanyakazi wa kuvitunza na watu wanaoingia kuvitazama. Ofisi ya mkuu wa mkoa nayo ilipewa kazi mpya ilipokoma ile ya zamani. Nyumba ya Muthaiga ilibaki na matumaini tu, na matumaini hayazuii tingatinga.

Hapa ndipo sisi wa Pwani tunapoingia. Tunajivunia Lamu kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na Mji wa Kale wa Mombasa una kanuni zake za kuhifadhi majengo. Lakini heshima ya mji haizibi paa linalovuja. Zanzibar, Beit al-Ajaib ilikuwa ndani ya Mji Mkongwe unaotambuliwa na dunia nzima. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha.

Nyumba zetu nyingi ni za mirathi. Warithi wametawanyika, mmoja Mombasa, mwingine Jeddah, wa tatu London. Hakuna anayekubali kutengeneza peke yake, na dalali anajua. Kwanza huuzwa mlango wa kuchonga, kisha boriti, mwisho kiwanja.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa. Familia zisingoje dalali abishe hodi. Zikae sasa, ziandike nani alijenga na nani amerithi, zipeleke ombi Makumbusho, na ziamue nyumba itafanya kazi gani: madrasa, maktaba, nyumba ya wageni, hata mgahawa. Nyumba inayotumika hupata mtu wa kupanda darini mvua ikinyesha.

Picha za Kileleshwa ninazo. Jina la mwenye nyumba sina, na wa kumuuliza sijampata.